Mzinga wa Emali

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Sisemi ule wa miaka ya themanini ambao watoto wangu wanaukumbuka. Nasema ule wa kwanza, Uhuru ukiwa bado mchanga, mahindi yalipokuja na meli kutoka kwa watu tusiowajua, yakapanda gari la moshi, yakashushwa Emali yakiwa yananuka gunia. Ugali wake ulikuwa mzito, ukiumeza unauhisi ukishuka hatua kwa hatua kama mzee anayeshuka ngazi. Asubuhi njano, jioni njano. Mama mkwe wangu alisema hata ndoto zake zimekuwa za njano.

Unga huo ulikuwa wa kupangia foleni mbele ya kambi ya chifu. Mimi nilizaliwa Migwani, katika boma lenye maghala ambayo hayakuwahi kuona sakafu yake, nikaolewa huku ng'ambo, karibu na Emali. Na mimi huyo nilisimama juani na debe kichwani, askari ananipigia kelele: "Rudi nyuma, wewe mama mnene!" Mnene! Mwaka huo hata mbwa hawakuwa wanene. Nilichukua unga wangu, nikarudi nyumbani, nikamwambia mama mkwe kwamba mvua ikinyesha nitalima mpaka jembe liombe msamaha, lakini foleni ile sirudi tena.

Mvua ikanyesha. Nikapanda mahindi, kunde na mbaazi katika shamba lililo chini ya kilima cha mawe. Yakaota vizuri mpaka nikaogopa kuyasifu kwa sauti. Shida ilikuwa moja tu. Juu ya kile kilima walikaa nyani, na wao pia walikuwa wamemaliza mwaka mbaya, na wao pia walikuwa wakiyaangalia yale mahindi.

Nyani wa kwetu hawamwogopi mwanamke. Mtu wa mjini akisikia hivyo hucheka, lakini muulize mkulima yeyote wa kule. Mwanaume akitokea, wanaondoka. Mwanamke akitokea, wanamwangalia wakitafuna. Nilivaa suruali ya mume wangu, koti lake na kofia yake, nikatembea kwa kishindo kama mtu mwenye madeni. Yule nyani dume mkubwa alinitazama kutoka juu mpaka chini, akajikuna kwapa, akavunja shina lingine la mahindi. Nadhani alinijua kwa mwendo.

Mume wangu alikuwa kibarua wa reli. Siku za kazi alilala kwenye kambi za reli, Jumamosi ndiyo alifika nyumbani. Nyani walijua Jumamosi kuliko wakristo wanavyojua Jumapili. Akija wanapanda juu, akirudi kazini wanashuka. Na upinde hakuujua. Baba yangu mimi alikuwa mpiga mishale, lakini huyu alilelewa kando ya reli, na upinde aliushika kama mtu aliyeombwa kumshikia mgeni mtoto mchanga.

"Tukiua mmoja tu," aliniambia, "tukamtundika pale kwenye mti, wengine watapata habari. Nitanunua bunduki."

"Bunduki ya nini, Baba Watoto? Jenga ua wa miiba."

"Ua! Dunia iko Uhuru, wewe unaniambia miiba."

Bunduki ya kwanza ilitoka Sultan Hamud. Ilikuwa gobore, lile la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, refu kuliko mume wangu, limefungwa kwa waya katikati kama mguu wa kiti. Aliyemuuzia alimwambia kwamba gobore hilo lilipigana na Wajerumani. Mama mkwe alilizunguka mara moja, akauliza, "Lilikuwa upande wa nani?"

Tukatoka wote kwenda kuona. Mume wangu akapiga goti pembeni ya jiko, akalenga kilima. Yule dume alikuwa amekaa juu ya jiwe lake, anachuma viroboto. Mume wangu akavuta. Gobore likasema *tik*. Akavuta tena. *Tik*. Nyani mdogo mmoja akashuka kidogo ili aone vizuri.

"Labda limelala," mama mkwe akasema. "Vita vyenyewe ni vya zamani."

Mume wangu akasimama, akaliegemeza ukutani, akageuka kutuambia kwamba baruti ilikuwa na unyevu. Ndipo lilipoamka. Sauti yake sijaisikia tena. Moshi ulitufunika wote, punda akakata kamba, na moshi ulipoondoka tukaona chungu cha mama mkwe kilichokuwa jikoni na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, hakipo. Kilikuwa vipande. Muthokoi wa njano ulikuwa ukutani, kwenye miti, na kwenye kofia ya mume wangu.

Nyani hakukimbia hata mmoja. Na baadaye, nikiwa bado naokota vigae, wawili walishuka wakala ule muthokoi wa ukutani.

Askari wa chifu walisikia mlio wakaja mbio. Walimuuliza mume wangu karatasi za bunduki, akawa hana. Walilichukua lile gobore wakalitazama, waya ukafunguka, likagawanyika mikononi mwao. Yule mkubwa wao alicheka mpaka akashika tumbo. Akasema angemfunga mtu mwenye bunduki, lakini hajui sheria inasema nini kuhusu mtu mwenye bomba. Wakaenda nalo. Gobore lile liliua chungu kimoja, na kwa ninavyojua halikuua kitu kingine maishani mwake.

Nilifikiri mambo ya bunduki yameisha. Kumbe mume wangu alikuwa amejifunza jambo moja tu: kwamba lile lilikuwa dogo.

Sasa hapa lazima nieleze neno, kwa sababu shida yote iko kwenye neno. Sisi Kiswahili kilitukuta tukiwa watu wazima. Kwetu nyumba ya nyuki inaitwa mwatu: ni gogo lililochimbwa ndani, linatundikwa juu ya mti, na ni mali ya wanaume, mwanamke haligusi. Na neno mzinga tulilipata kwa wale waliokwenda vita vya Wazungu. Baba mkwe, kabla hajafariki, alikuwa akitusimulia alivyokuwa huko Burma, mizinga inavyolia, milima inavyotikisika, watu wanavyoziba masikio. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia mzinga, anaona vita. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa watu wa pwani mzinga huo huo ni nyumba ya nyuki.

Jumamosi moja mume wangu alifika nyumbani anatembea kwa vidole. Akaniita nyuma ya ghala.

"Mama Watoto, pale Emali kuna mzee wa pwani ana duka la vitu vya Wazungu wanaorudi kwao. Nimesikia kwa masikio yangu akimwambia mtu kwamba ana mzinga."

"Mzinga!"

"Sema polepole!"

"Wa kweli?"

"Anaubadilisha kwa mbuzi."

Mbuzi mwenyewe alikuwa beberu langu, nililopewa na mama yangu likiwa dogo, likatembezwa kutoka Migwani. Nilikasirika. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa nimehesabu mashina yaliyovunjwa nikaacha kuhesabu, na ile foleni niliiona mbele yangu kama naigusa. Nikamwambia sawa, lakini beberu nitaliongoza mimi, na huo mzinga nitauona kwa macho yangu.

Mzee wa pwani alikuwa amekaa nje ya duka lake karibu na stesheni, kofia nyeupe kichwani, kahawa mkononi. Kiswahili chake kilikuwa laini, kinateleza. Changu mimi wakati ule kilikuwa cha kununua chumvi. Nikasimama na beberu nikasikiliza.

"Mzee, nasikia una mzinga," mume wangu akanong'ona.

"Ninao, bwana wangu. Mmoja tu umebaki. Wa Mzungu huu, si yale magogo yenu. Kazi ya fundi."

Mume wangu akanigeukia: umesikia?

"Ni mzito?"

"Punda mmoja anauchukua."

"Umetengenezwa na nini?"

"Mvule mtupu. Hauliwi na mchwa."

"Kitako cha mvule," mume wangu akaniambia kwa Kikamba. Kisha akamsogelea yule mzee. "Na moshi je? Una moshi?"

"Moshi ni lazima, bwana. Kazi ya mzinga bila moshi utaiwezaje?"

"Kweli, kweli. Na sauti yake?"

"Ukisimama karibu utausikia unavuma. Lakini usikaribie hivi hivi. Jifunike uso."

Mume wangu akashika nyusi zake, ambazo gobore lilikuwa limezipunguza. Akakubali kabisa.

"Nyani wataukimbia?"

Yule mzee akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Nyani! Bwana wangu, hata simba akiuchokoza atatafuta njia ya kwao."

Nikaanza kulipapasa beberu langu kwa kuliaga.

"Na leseni?" mume wangu akauliza, akiangalia huku na huku.

"Leseni ya nini?"

"Ya mzinga."

"Haa! Tangu lini mzinga ukawa na leseni? Hata bwana mkubwa wa askari wa hapa nimemuuzia mmoja. Ameuweka nyuma ya nyumba yake."

"Ameuelekeza wapi?"

"Mlango wake mashariki. Ndivyo inavyotakiwa."

"Mashariki," mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini. "Ndiko maadui wote hutokea."

Mzee akatoa kitu kilichoshonewa ndani ya magunia, akataka kufungua atuonyeshe. Mume wangu akaruka akamshika mikono. "Usiufungue hapa! Watu!" Mzee wa pwani akamwangalia, akaniangalia mimi, akaliangalia beberu. Nadhani alijiambia kwamba watu wa bara ni watu wa aibu sana. Akafunga kamba vizuri, tukaupandisha juu ya punda, tukaondoka. Njia nzima mume wangu alitembea nyuma ya punda, akisema mtu hapaswi kupita mbele ya mzinga.

Nyumbani akatulaza wote chini nyuma ya ghala: mimi, mama mkwe na watoto. Mama mkwe alilala kifudifudi akinung'unika kwamba magoti yake hayakuumbwa kwa vita. Mume wangu akajifunga shuka usoni yakabaki macho, akakata magunia kwa panga, polepole.

Kikatoka kisanduku. Kisanduku cha mbao, cha mraba, kimepakwa rangi nyeupe, kina mfuniko, na chini mbele kina mwanya mwembamba wa kupitisha kidole.

Watoto wakainua vichwa.

"Huo ndio mdomo," mume wangu akasema, akiuonyesha ule mwanya.

"Risasi yake basi ni bapa," nikasema.

Akainua mfuniko. Ndani mlikuwa na fremu za mbao zimepangwa kama vitabu. "Hizi ni za kuwekea risasi." Akazitoa moja moja, akazirudisha. Akatafuta pale pa kuvuta kwa kidole. Akaugeuza chini juu. Akaupiga kofi.

Mama mkwe akainuka, akapangusa vumbi kifuani, akaja akachungulia. Akaingiza mkono, akatoa kipande kidogo cha nta, akakinusa.

"Mwanangu, huu ni mwatu."

"Mwaitu, mama yangu, nyamaza. Huu ni mzinga."

"Ni mwatu wa mraba."

"Mwaitu!"

"Nimekaa na myatu ya baba yako miaka mingi. Umebadilisha beberu na mwatu. Tena mtupu. Hata nyuki wenyewe hawamo."

Nilicheka au nililia? Nakumbuka nilikaa chini nikajifunika uso na leso, na mabega yalitikisika, na watoto walidhani nalia wakaanza kulia pia. Mume wangu hakucheka. Aliubeba ule mzinga begani mpaka katikati ya shamba langu, akauweka juu ya mawe, mwanya umeelekea kilima, akarudi nyuma hatua chache kuutazama. Sijui alitegemea nini. Alipoondoka, yule nyani dume akashuka taratibu, akauzunguka, akaukalia. Ulikuwa umemfaa sana. Tangu siku hiyo hakukaa tena juu ya jiwe. Alikuja na mahindi yangu mkononi, akakaa kwenye kiti changu kilichonunuliwa kwa beberu langu, akala.

Mume wangu alirudi Emali kwa hasira. Yule mzee wa pwani alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Bwana wangu, ulitaka mzinga nikakupa mzinga. Kumbe ulitaka wa kupigia saluti?" Akaita majirani zake waje wasikie. Beberu, akasema, wameshalila, na lilikuwa tamu. Pale kambini kwa vibarua wa reli hadithi ilifika kabla yake, na kwa muda mrefu akipita walikuwa wakiziba masikio na kulala chini.

Ule mzinga alikataa hata kuutazama. Ukabaki shambani. Mimi niliendelea kupalilia, kupiga debe na kutukana, na kila siku mstari wa mahindi ulipungua. Nilipiga hesabu yangu kichwani: wakiendelea hivi, nitavuna kikapu. Kisha foleni.

Kunde zikatoa maua. Na migunga ya kilimani ikatoa maua. Asubuhi moja napalilia, nikasikia kitu kinavuma. Nikainua kichwa nikidhani ni lori kule barabarani. Halikuwa lori. Nilisogea nikaona kwenye ule mwanya mwembamba wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka, weusi, wadogo, wana haraka kama watu wa sokoni. Nikarudi nyuma kimyakimya bila kumwambia mtu, nikaenda kukaa na mama mkwe mlangoni, nikamega kipande cha ugali, nikamwambia, "Mwaitu, kaa hapa. Angalia kilima."

Dume akashuka. Akavunja shina lake la mahindi. Akaja na mwendo wake wa mwenye nyumba, akakalia kiti chake kwa kishindo, *puu*, kama alivyozoea.

Nyuki wa kwetu hawana salamu.

Kabla ya siku hiyo sikuwahi kuona nyani akiruka kwa matako. Alipanda juu akiwa bado amekaa. Alipotua alikuwa anakimbia, analia, anajipiga makofi mgongoni, na wingu linamfuata. Akaenda moja kwa moja kwa wake zake na watoto wake, kwa hiyo wingu likawafikia wote. Kilima chote kilipiga kelele. Mama mkwe alisimama, magoti na yote, akapiga vigelegele mpaka meno yake mawili yaliyobaki yakaonekana. Kisha nyuki wachache wakatugeukia sisi, tukaingia ndani tukafunga mlango.

Nyani hawakushuka siku ya pili, wala ya tatu, wala wiki iliyofuata.

Jumamosi mume wangu alipofika, alikuta kimya. Nikamweleza. Akasikiliza, akanyoosha mgongo, na mbele ya macho yangu akarefuka. "Nilikuambia," akasema. "Sikukuambia? Mzinga umelia." Akaenda akaueleza kilabuni, akaueleza kanisani baada ya sala, akaueleza reli yote mpaka Sultan Hamud. Katika maelezo yake nyuki hawakuwemo. Kulikuwa na mzinga wa Mzungu, adui wengi, na yeye.

Maneno yakatembea. Mahindi yangu yalikuwa yametoa ndevu, bado mabichi, punje zina maziwa, na huo ndio wakati ambao nyani huota ndoto, ndipo mwanaume mmoja nisiyemjua alipoingia bomani kwetu kutoka upande wa Sultan Hamud. Amevaa koti, amebeba kitu kirefu ndani ya blanketi. Akasalimu, akapewa kiti, akakunjua blanketi kwenye magoti.

Bunduki. Bunduki kweli, nyeusi, imepakwa mafuta, ina mkanda wa ngozi. Mume wangu akasogeza kiti chake karibu.

"Hii imenichosha," mgeni akasema. "Niliinunua kwa ajili ya nyani. Mwanzo walikimbia. Sasa nikipiga hewani wanageuka kuangalia imeanguka wapi. Nasikia wewe una mzinga. Chukua hii, nipe ule."

"Ina risasi?" mume wangu akauliza, kidole kinapapasa mkanda.

"Zinapatikana. Ukibahatika."

"Na karatasi?"

"Hizo pia."

Mume wangu alikuwa ameshaiweka begani. Alikuwa ameshaanza kutembea nayo mpaka kwenye ghala na kurudi, kifua mbele. Nilikuwa nimetoka shambani, jembe mkononi, matope mpaka magotini. Nikasimama katikati ya njia inayokwenda kwenye mahindi yangu.

"Mzinga hautoki, na bunduki haiingii."

Mgeni akacheka kwa pua. "Mama, mambo ya mizinga ni ya wanaume." Akamgeukia mume wangu. "Bwana, hapa nani mkubwa?"

"Muulize nyani," mama mkwe akasema kutoka mlangoni.

Mume wangu akanisogelea, ile bunduki imempinda bega, sauti yake tamu kama ya siku aliyokuja kwetu kuposa. "Mama Watoto, labda hukusikia vizuri. Ni bunduki hii. Itazame tu. Ina mkanda."

Niliitazama. Ilikuwa nzuri, sitadanganya. Kisha nikatazama nyuma yangu, ndevu za mahindi zinacheza na upepo, na juu ya kilima, kwenye jiwe lake la zamani, yule dume amekaa upande upande, anatusikiliza.

"Nimesikia," nikasema. "Mzinga hautoki, na bunduki haiingii."